Karatasi tano, shahidi mmoja: uhakiki wa tarehe za mzee wa Ghuba ya Mwanza

Majina ya watu, kijiji, parokia na namba za rejesta vimeondolewa katika kisa hiki. Mzee anayehusika tunamwita Mzee G. Jina la somo wake wa ubatizo, Mtakatifu Gregori Mkuu, limebaki kwa sababu hoja moja haieleweki bila hilo.

Usuli

Ukoo mmoja wa Kisukuma, wenye makazi ya zamani ufukweni mwa Ghuba ya Mwanza, ulikuwa unajiandaa kwa mkutano wa ukoo. Kazi zilikuwa mbili: kulijengea upya kaburi la babu na kuchapa kijitabu chenye mti wa ukoo wa vizazi vitano. Kaburi la zamani lilikuwa la saruji, na maandishi yake yalichorwa kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi: "12-3-1894 – 1964". Maneno hayohayo yalipelekwa kwa fundi wa marumaru.

Aliyesimamisha kazi ni mjukuu wa kike. Shangazi yake, binti wa Mzee G., alikuwa anasema siku zote kwamba baba yake alizikwa yeye akiwa bado shuleni. Mjukuu alikiona cheti cha shangazi cha darasa la nane, na kilikuwa cha 1963. Kama shangazi alimaliza shule 1963, baba yake hakuweza kufa 1964. Ama kumbukumbu ilikuwa na kosa, ama jiwe.

Ukoo uliwateua watu watatu kuhakiki: mwalimu mstaafu wa historia, katekista mwenye kukijua Kilatini cha rejesta, na kijana wa ukoo aliyeshika kamera na daftari. Walipewa wiki saba.

Kilichokuwa mezani

Kuhusu mwaka wa kuzaliwa kulikuwa na karatasi tano, na zote zilisema 1894. Ya kwanza ilikuwa kurasa zilizopigwa chapa kwa taipureta, nakala ya rejesta ya ubatizo. Ya pili, cheti cha ubatizo kilichotolewa 1978. Ya tatu, hati ya kiapo ya 1983 iliyoapwa na baba mdogo wa mjukuu huyo, ambaye sasa ni marehemu, kwa ajili ya shauri la shamba. Ya nne, daftari la baba mdogo huyohuyo lenye orodha ya ukoo. Ya tano, picha ya kaburi lililojengwa 1986.

Kulikuwa pia na stakabadhi tatu za kodi, daftari la rambirambi lililoliwa na mchwa upande mmoja, na simulizi za wazee wanne. Simulizi zilisema kwamba Mzee G. alianza mafundisho ya dini "mwaka wa nyota yenye mkia", alichukuliwa upagazi wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, na akarudi Mwanza kwa treni vita vilipokwisha.

Katika kikao cha kwanza wahakiki walifikia uamuzi uliokuwa karibu kuiharibu kazi yote. Karatasi tano zinakubaliana, wakasema, kwa hiyo 1894 imethibitika, imebaki kutafuta mwaka wa kifo tu. Hoja hiyo iliandikwa kabisa kwenye muhtasari. Ilifutwa wiki moja baadaye, walipoanza kuuliza kila karatasi swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwanzo: aliyeiandika alijuaje?

Kila tarehe ilitoka wapi

Wahakiki walichukua karatasi kubwa ya manila wakachora mishale kutoka kila hati kwenda kwenye hati iliyoizaa. Kazi hii ilichukua jioni moja, na ndiyo iliyoleta faida kuliko zote.

Kaburi la 1986 liliandikwa na baba mdogo kutoka kwenye daftari lake. Ndani ya daftari, pembeni ya mwaka 1894, aliandika mwenyewe kwa wino mwekundu: "kutoka cheti cha Kanisa". Hati ya kiapo ya 1983 iliambatishwa nakala ya cheti hichohicho. Cheti cha 1978 kilitolewa na parokia changa, iliyomegwa kutoka parokia mama miaka mingi baada ya ubatizo wa Mzee G. Parokia hiyo haikuwa na rejesta ya asili. Ilikuwa na kurasa za taipureta tu, zilizonakiliwa kutoka parokia mama ilipoanzishwa.

Mishale yote iliishia kwenye kurasa hizo. Ushahidi ulikuwa wa karani mmoja, siku moja, akisoma mwandiko wa padri na kuupiga chapa. Hati nyingine nne zilirudia alichokisoma, ziwe na mhuri au ziwe za saruji. Kama karani alisoma vibaya, zote zimekosea kosa moja, na kukubaliana kwake hakuongezi hata chembe ya uhakika.

Kumbuka pia nani hakuwapo. Hakuna hata mmoja kati ya walioandika karatasi hizo tano aliyeshuhudia kuzaliwa kwa Mzee G. Usajili wa vizazi wa serikali haukuwafikia watu wa vijiji vya ufukweni enzi za Wajerumani, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha wakati ule kisingepatikana. Hati ya karibu zaidi na tukio ilikuwa moja tu: rejesta yenyewe, ukurasa ulioandikwa kwa mkono siku ya ubatizo.

Rejesta ya parokia mama

Upande huu wa ziwa una bahati. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki wa shirika lililoanzishwa na Mfaransa, walijenga misheni Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, kabla utawala wa Wajerumani haujafika, na waliandika kila ubatizo kwa namba mfululizo. Anayetafuta mtu wa kabla ya 1920 aulize kwanza parokia gani ndiyo mama wa parokia ya leo. Vitabu vya asili kwa kawaida hubaki kwa mama.

Paroko aliruhusu kitabu kisomwe ofisini, mbele ya karani, mikono ikiwa safi na mikavu, bila kalamu ya wino mezani. Kijana alipiga picha karibu na dirisha bila kuwasha taa ya kamera: picha moja ya jalada, moja ya ukurasa mzima, na moja ya mstari wenyewe ukiwa na mstari wa juu na wa chini yake. Picha ya mstari peke yake haina thamani kubwa, na sababu itaonekana hapo chini.

Kumpata Mzee G. kulichukua saa tatu, kwa kuwa majina yaliandikwa kwa sikio la Kifaransa. Sauti ya "u" na "w" mara nyingi imeandikwa "ou", "ng'w" imekuwa "gw" au "mw", "l" na "r" zinabadilishana kiti. Hata majina ya mahali yana sura hiyo: Ukerewe ni "Oukéréwé" kwa Mfaransa, na Mwanza ni "Muansa" katika ramani za Wajerumani. Katekista aliliandika jina la baba wa Mzee G. kwa tahajia saba alizoweza kubuni, kisha akatafuta zote. Lilikuwa la tano.

Mstari ulisomeka: amebatizwa "die 24 Xbris 1913", amezaliwa "c. 189", na tarakimu ya mwisho iliyoonekana kama 4 kwa mtu mwenye haraka.

*Tarakimu ya mwisho.* Hapa ndipo ukurasa mzima ulipohitajika. Namba za ubatizo zinakwenda mfululizo, kwa hiyo namba inayofuata ile inayoishia na 8 lazima iishie na 9, hata kama haisomeki. Namba hizo zinakupa alfabeti ya mkono wa padri yuleyule, kwa wino uleule, wiki ileile. Wahakiki walizikusanya 9 zote na 4 zote za safu ya namba katika kurasa nne. Kichwa cha 9 cha padri huyu kilikuwa wazi kwa juu na mkia wake ulipinda kushoto. Mguu wa 4 ulisimama wima na mkono wake ulivuka mguu kwenda kulia. Tarakimu ya Mzee G. ilikuwa na mkia uliopinda na haikuwa na mkono wa kuvuka. Ilikuwa 9. Mwaka ulikuwa 1899.

*Herufi c.* Karani wa taipureta aliiacha. Ni kifupi cha "circa", yaani karibu. Padri hakuwa na hakika, akalisema hilo kwa herufi moja, na herufi hiyo ikapotea. Kosa hili ni baya kuliko lile la tarakimu. Miaka mitano ya tofauti inaweza kugunduliwa, lakini makadirio yaliyogeuzwa kuwa hakika hayana alama yoyote ya kumshtua msomaji.

*Mwezi.* Nakala ya taipureta ilisema ubatizo ulikuwa 24 Oktoba 1913. Karani aliona X, tarakimu ya Kirumi ya kumi, akaandika mwezi wa kumi. Mapadri wa enzi hizo walifupisha miezi kwa mtindo wa Kilatini: "7bris" ni Septemba, "8bris" ni Oktoba, "9bris" ni Novemba, na "Xbris" ni Desemba, kwa kuwa majina ya Kilatini ya miezi hiyo yanatokana na hesabu za saba, nane, tisa na kumi. Kwa Mswahili mtego huu ni mkali maradufu, maana sisi miezi tunaiita kwa namba. Uthibitisho ulikuwa ukurasani: mstari wa kabla ya kundi lake ulikuwa wa Novemba na wa baada yake wa Januari. Oktoba haiwezi kukaa kati ya Novemba na Januari. Tena 24 Desemba ni mkesha wa Noeli, siku inayofaa kubatizia kundi la wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kwa ubatizo, na siku hiyo walibatizwa wengi. 24 Oktoba 1913 ilikuwa Ijumaa ya kawaida.

*12 Machi.* Siku hii haikuwamo katika rejesta wala nakala wala cheti. Ilianzia kwenye daftari la baba mdogo. Shangazi ndiye aliyetoa ufunguo bila kujua: "Baba alikuwa anachinja mbuzi siku ya somo wake kila mwaka." Sikukuu ya Mtakatifu Gregori Mkuu ilikuwa 12 Machi mpaka kalenda ya Kanisa ilipobadilishwa 1969 na kuihamishia 3 Septemba. Watoto waliona sherehe kila 12 Machi, na walipokua wakaiita siku ya kuzaliwa. Katika koo za Kikatoliki tarehe kamili ya kuzaliwa ya mtu wa kabla ya 1920 ilinganishwe kwanza na sikukuu ya somo wake, kwa kalenda ya zamani, kabla haijaaminiwa.

*Nyota yenye mkia.* Simulizi hii ilipata mahali pake. Kometi ya Halley ilionekana Mei 1910, na mapema mwaka huohuo, Januari, ilionekana kometi nyingine kubwa. Yoyote iliyokumbukwa, mwaka ni 1910. Utaratibu aliouweka Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, ulidai miaka minne ya maandalizi kabla ya ubatizo wa mtu mzima. Kutoka 1910 hadi Noeli ya 1913 ni karibu miaka minne. Simulizi na rejesta hazikuwahi kukutana, hakuna aliyenakili kwa mwenzake, na zimekubaliana. Hao ndio mashahidi wawili.

Stakabadhi na treni

Stakabadhi moja ilikuwa imehifadhiwa kama "ya 1917", ushahidi kwamba wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye kulipa kodi. Kichwa chake kilisomeka "Tanganyika Territory" na kiasi kiliandikwa kwa shilingi. Jina Tanganyika lilianza kutumika kiserikali 1920. Shilingi ya Afrika Mashariki haikuwapo kabla ya 1921. Kabla yake ilitumika rupia, kisha florini kwa muda mfupi sana. Karatasi hiyo basi haiwezi kuwa ya 1917. Chini ya kioo cha kukuzia, tarakimu ya tatu ilionekana ni 2 iliyofifia: 1927.

Kwa hati za eneo hili sarafu na jina la nchi ni kipimo cha haraka kuliko vyote. Hati yenye jina "Tanzania" haiwezi kuwa ya kabla ya 29 Oktoba 1964, jina hilo lilipopitishwa, hata kama Muungano ni wa 26 Aprili. Inayotaja Mkoa wa Kagera ni ya 1979 au baadaye, kwani kabla ya hapo ulikuwa Ziwa Magharibi. Inayotaja Mkoa wa Geita ni ya 2012 au baadaye.

Treni ilikuwa fumbo lenye jibu zuri. Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916, lakini reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Mhakiki mmoja alitaka kuifuta simulizi ya kurudi kwa treni. Mwalimu alikataa, akataka mzee msimulizi aulizwe tena, safari hii bila kutajiwa Mwanza: "Treni walipanda wapi, wakashuka wapi?" Jibu lilikuja bila kusita: walishuka Tabora, wakatembea siku nyingi. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora 1912, kwa hiyo safari hiyo iliwezekana kabisa. Kumbukumbu haikudanganya. Wasimulizi wa baadaye, waliozoea treni ya Mwanza, ndio walioukata mwisho wa safari. Simulizi inapogongana na tarehe inayojulikana, rudi kwa msimulizi na swali dogo zaidi kabla ya kuitupa.

Mwaka wa kifo

Daftari la rambirambi lilikuwa la shule, la mistari, na ukurasa wa kwanza uliandikwa "Jumapili 3/6". Mwaka uliliwa na mchwa. Daftari kama hilo hufunguliwa siku ya mazishi, kwa hiyo lilikuwa hati ya siku yenyewe.

Siku ya juma pamoja na tarehe ni kufuli lenye funguo chache. Tarehe 3 Juni iliangukia Jumamosi 1961, Jumapili 1962, Jumatatu 1963 na Jumatano 1964. Jumapili nyingine za karibu ni za 1956 na 1973. Shangazi alikumbuka kwamba bendera ya Uhuru ilikuwa imeshapandishwa, yaani baada ya 9 Desemba 1961, na kwamba yeye alikuwa bado shuleni, yaani kabla ya cheti chake cha 1963 kutoka. Funguo zote zinaingia 1962 tu.

Kulikuwa na ushahidi wa tatu, wa maji. Wazee wawili walisema kaburi lilichimbwa juu, karibu na miamba, kwa sababu makaburi ya zamani ya chini yalikuwa yanaingiwa na maji. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili kati ya mwishoni mwa 1961 na 1964, baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962. Ushahidi huu peke yake hautofautishi 1962 na 1964, kwa hiyo ulihesabiwa kama unaokubaliana, haukuhesabiwa kama unaothibitisha.

Na 1964 ilitoka wapi? Baba mdogo alikuwa anafanya kazi mbali, na barua ya 1964 iliyokutwa ndani ya daftari lake ilimwita nyumbani kwenye matanga ya mwisho na kugawa mali. Kwake yeye, mwaka wa msiba ulikuwa mwaka aliofika.

Mtoto wa kwanza

Kusahihisha tarehe moja kulibomoa nyingine. Mti wa ukoo ulimweka T. kama mtoto wa kwanza wa Mzee G., aliyezaliwa 1911. Baba wa 1894 angekuwa na miaka kumi na saba, jambo linalowezekana. Baba wa karibu 1899 angekuwa na kumi na miwili.

Wahakiki walirudi kwenye rejesta wakampata T., amebatizwa 1921 akiwa na umri wa "c. 10". Mbele ya jina la baba palikuwa na msalaba mdogo. Msalaba huo katika rejesta maana yake ni marehemu, na mtu anayesoma haraka huudhani ni pambo au doa. Jina lililofuata halikuwa la Mzee G. Lilikuwa la kaka yake mkubwa, ambaye simulizi zote zilisema alichukuliwa vitani asirudi. Mzee G. alikuwamo katika mstari huohuo, lakini kwenye safu ya "patrinus", msimamizi wa ubatizo. Hilo lilimaliza ubishi, kwa kuwa Sheria ya Kanisa iliyoanza kutumika 1918 ilimkataza mzazi kuwa msimamizi wa mwanawe. Padri aliyemwandika Mzee G. kama msimamizi alijua kwamba si baba mzazi.

Kwa lugha ya nyumbani hakuna aliyedanganya. Mtoto wa kaka ni mtoto, na Mzee G. alimlea tangu kaka alipopotea. Mti wa ukoo uliochapishwa, wenye mistari ya kuzaa tu, ndio usiokuwa na mahali pa kulisema hilo.

Hapa wahakiki waliamua mambo matatu. Jambo lisiandikwe popote kabla wazee wa tawi la T. hawajaambiwa ana kwa ana, nyumbani kwao, na mtu mwenye umri wa kuwaambia. Wao ndio wachague maneno. Na kijitabu kiseme wazi kwamba ni kumbukumbu ya vizazi, hakigawi shamba wala hakimnyang'anyi mtu haki aliyopewa na Mzee G. akiwa hai.

Uamuzi wa kwanza ulivunjwa. Kijana mpiga picha alituma picha ya ukurasa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp usiku uleule, kwa furaha ya ugunduzi. Asubuhi wajukuu wa T. walikuwa wamesoma kwamba "si wa damu". Mwalimu na shangazi walitumia siku mbili kwenda kuomba radhi. Ukurasa ule ulikuwa pia na majina ya familia nyingine zaidi ya ishirini, pamoja na maelezo ya pembeni kuhusu ndoa zao, na wenyewe hawakuombwa.

Tawi la T. hatimaye lilichagua maneno haya: "T., mwana wa marehemu kaka, aliyelelewa na Mzee G. kama mwanawe wa kwanza." Na walifurahi kwa jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: walimpata babu yao mzazi, aliyekuwa hana hata mstari katika kijitabu.

Kilichochongwa na kilichochapwa

Marumaru ilichongwa: "k. 1899 – Juni 1962". Siku ya kifo haikuwekwa, kwa kuwa Jumapili ya tarehe 3 ilikuwa siku ya mazishi, na hakuna hati inayosema alikufa siku hiyohiyo au ya nyuma yake. Fundi alipinga ile "k.", akisema inaonekana kama kosa. Ilibaki, na maana yake, karibu, imeelezwa kwenye kijitabu.

Ndani ya kijitabu kila tarehe ina alama moja kati ya tatu: imethibitishwa na mashahidi wawili wasiotegemeana, ina shahidi mmoja, au ni simulizi. Tarehe zenye alama ya kwanza zilikuwa chache kuliko ukoo ulivyotegemea, na baadhi ya wazee hawakupenda. Wahakiki walishikilia msimamo, na walikuwa sahihi: kijitabu kinachodai hakika kote kitanakiliwa kote kama zile kurasa za taipureta.

Kilichofaa na kilichoharibika

Mishale ya manila ilifaa kuliko chombo kingine chochote. Kama ingechorwa siku ya kwanza, wiki nzima ingeokolewa.

Mahojiano yalikuwa na kasoro. Wazee wawili walihojiwa pamoja, na wa pili alirudia karibu maneno ya wa kwanza, kwa hiyo waliandikwa kama shahidi mmoja. Waliobaki walihojiwa kila mmoja peke yake, bila kutajiwa mwaka wowote, kwa kutumia kalenda ya matukio: nyota ya 1910, Waingereza kuingia 1916, mafua makuu ya 1918 na 1919, reli 1928, nzige wa miaka ya mwanzo ya 1930, Uhuru, maji ya ziwa. Swali lililozaa zaidi lilihusu kazi ya mtu wakati wa tukio. "Alikuwa anachunga mbuzi au ng'ombe?" linakupa umri wa mvulana vizuri kuliko "alikuwa na miaka mingapi?"

Majina ya Kisukuma yalisaidia mahali pamoja. Mti wa ukoo ulimtanguliza Shija mbele ya Kulwa na Doto, ilhali Shija ni anayezaliwa baada ya mapacha. Mpangilio uligeuzwa baada ya shangazi kuthibitisha kwamba Shija huyu hakupewa jina kwa kumrithi mtu. Bila uthibitisho huo jina peke yake lisingetosha, kwa sababu watoto wengi hurithi majina ya babu na bibi. Mabula, kwa mfano, anakuambia mvua, na huenda ikawa mvua ya wakati wa babu yake.

Picha zilipaswa kukaa mkononi mwa mtu mmoja tangu mwanzo, kwa makubaliano yaliyoandikwa, na majina ya familia nyingine kufunikwa kabla ya kuonyeshwa kwa yeyote.

Rejesta ya asili haikuguswa. Katika parokia changa karani alikataa, kwa haki, kufuta 1894 kwenye kurasa za taipureta. Badala yake alibandika pembeni karatasi yenye usomaji mpya, "c. 1899" na "24 Desemba 1913", namba ya ukurasa wa kitabu cha asili, tarehe ya uhakiki, na saini yake pamoja na ya katekista, ili atakayekuja kuomba cheti avione vyote viwili.